Pikapu ya Kaka Severin

Msamvu, Morogoro
14 Mei

Dada yangu Sista Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Na ukishaitikia hiyo, shikamoo. Sijui kati ya sista na dada natakiwa nianze na yupi, kwa hiyo nimewaamkia wote wawili. Natumaini baridi ya Iringa haijakuzidi, na kwamba hapo monasterini bado wanakuruhusu soksi za sufu alizokufumia mama. Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Kazi ya kuosha magari hutegemea matope, na matope masika haya Mungu hakutunyima.

Katika barua yako ya Pasaka uliuliza, tena kwa uchungu, kaka Severin aliinunulia nini pikapu ile kama haikuweza kumbeba mama. Swali hilo nimelifanyia kazi miaka sita, kwa ndoo na brashi. Mwenye gari anaweza kukudanganya, lakini gari lenyewe ukilifungua milango halijui uongo. Dabo kebini, pikapu ya milango minne, ikiingia kijiweni kwetu huwa naanza na bodi ya nyuma, pale pa mizigo. Ya fundi bomba ina mikwaruzo na saruji iliyoganda. Hizi nyingine, za bei ya nyumba, bodi yake ni kama sahani ya kabatini, ya wageni ambao hawaji. Niliwahi kukuta humo jani moja la mwarobaini, na mwenyewe akaniambia nilitoe taratibu lisije likachuna rangi.

Ukiwauliza watakwambia barabara za kwao mbaya. Wote wana kwao kubaya, dada. Mmoja kwao ni Kihonda, lami mpaka mlangoni. Kaka naye alisema hivyo hivyo alipokuja nyumbani Mgeta kuionesha. Aliiacha misheni, akapanda kwa miguu nusu saa nzima, maana matawi ya njiani yangeikwaruza. Akamwambia mama kwamba siku akiugua, hiyo ndiyo itakayomshusha. Mama akashuka kuiona, akalipapasa tairi kama anayenunua ng'ombe, akauliza yanaingia magunia mangapi ya kabeji. Kaka akacheka, akasema hii siyo ya kabeji, mama. Mama akasema haya, baba, basi ya nini?

Mimi nilimjibu kimoyomoyo: ya kupigiwa saluti. Mlinzi wa geti akiiona hafunui daftari la wageni. Trafiki anatabasamu. Hata mtu akichelewa kikao, akishuka kwenye ile ngazi yake inaonekana kikao ndicho kilichowahi. Nimeyahubiri hayo mpaka Said, mwenye kijiwe, akaniita profesa wa Mzumbe aliyekosa ajira.

Sasa nije kwenye lililonikalisha na kalamu. Ile Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, mama alipoteleza kwenye matuta akavunjika nyonga, ulisimuliwa hivi: vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani, mjomba Laurenti akapiga simu, pikapu ikakosekana kwa kuwa kaka alikuwa Dodoma kikazi na funguo ameondoka nazo. Wakangoja saa nne mvuani. Mama akateremshwa mlimani na fuso la mizigo, amelazwa juu ya magunia ya kabeji, na mashimo ya barabara ile unayajua. Daktari alisema mfupa ulizidi kwenda kombo njiani. Atatembea uani kwa mkongojo. Mlima ndiyo basi. Mimi nilikodi bodaboda nikawapokea njia panda ya Mzumbe, na mabuti yangu ya kazi miguuni, nikapanda fuso nikamshika mkono mpaka hospitali. Hajaacha kusimulia hilo. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa asiye na gari ndiye aliyekuja.

Kaka alipofika kesho yake, mjomba alimsema pale pale kitandani, wodi nzima ikisikia. Kwamba amenunua jeneza la matairi manne, na hata maiti halibebi. Kwamba mwenye fuso, mtu baki kabisa, ndiye aliyejua kuwa yule ni mama. Kaka alinitazama. Akamtazama mama, ambaye alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu. Akasema ni kweli mjomba, nilikosa, nisamehewe.

Mjomba hakusamehe. Jumapili baada ya Pentekoste ukoo unakaa. Lile shamba la juu ya mto, ambalo kaka alikwishapewa ajenge nyumba ya kumtunzia mama, wanataka wampokonye wanipe mimi, na yeye asiitwe tena kwenye vikao. Na kwa kuwa kwetu ukoo hupita kwa binti, na binti ni wewe peke yako, usista au si usista, mjomba kaniagiza nikuandikie utoe neno. Ukisema ndiyo, imekwisha.

Kabla hujasema, soma hapa polepole.

Kaka alikwenda Dodoma kwa basi, na wenzake wa ofisini. Gari aliniachia mimi nilioshe, na funguo mkononi mwangu. Akaniambia lolote likitokea Mgeta panda nalo, usiangalie mikwaruzo. Alisema hivyo, dada. Usiangalie mikwaruzo.

Siku hiyo Said alikuwa anamwoza binti yake, na msafara ukakosa gari la mbele, la mpiga video. Nikasema lipo. Nikaazima shati, nikafunga matepe mekundu, mpiga video akasimama kwenye bodi: mzigo wa kwanza katika maisha ya ile pikapu. Pale Kilakala, mlinzi wa geti la ukumbi, yule yule anayenifukuza na ndoo yangu, akakakamaa akapiga saluti, akasema karibu bosi. Akina mama wakapiga vigelegele. Hapo ndipo simu ya mjomba ilipoita. Niliipokea nikiwa nimekaa juu kule kwenye usukani, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinanipuliza. Nikamwambia funguo anazo kaka. Nikajiambia nikishawafikisha tu watu nitapanda mlima. Wakaomba tuzunguke mji mara moja. Nikazunguka. Nikazunguka na mara ya pili, na hiyo hakuniomba mtu.

Kisha nikairudisha kijiweni, nikabandua matepe, nikavaa mabuti, nikatafuta bodaboda.

Kaka alipokuja kuichukua alikuta kipande cha utepe kwenye kioo cha pembeni. Mimi ninayejisifu sisahau kona, nilikisahau. Alikifungua, akakikunja, akakitia mfukoni. Akauliza tu harusi ilikuwa ya nani. Nikamwambia. Akasema Mungu awajalie. Hajaongeza neno mpaka leo, kwangu wala kwa mjomba.

Uliuliza kaka aliinunulia nini pikapu ile. Mimi sikununua hata tairi moja, na nimekujibu.

Mama anakusalimu sana, na anakuombea kila jioni. Barua hii atakuletea kaka mwenyewe, anapita Iringa kwenda Mbeya kikazi. Bahasha sitaibandika. Nimejiambia huenda akaifungua njiani, akayasoma niliyoshindwa kumtamkia. Lakini kaka unamfahamu: tangu utotoni hagusi cha mtu. Nadhani hata mimi nilikumbuka hilo nilipoamua kumpa yeye.

Utuombee sote nyumbani. Mimi niombee mara mbili.

Mdogo wako,
Fidelis