Watasema na Vifaranga vya Mama Mkwe

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza kabla ya kukuamkia, mkono wenyewe unagoma.

Ninaandika mwenyewe. Hapa kijijini kuna kisomo cha watu wazima, alasiri tukishatoka shamba la pamoja. Mwalimu alisema kila mmoja amwandikie mtu aliye mbali. Wenzangu wanawaandikia kaka zao walioko Singida mjini. Mimi nilitafuna penseli hadi nikaona aliye mbali kuliko wote ni wewe. Tangu nianze nimeshainuka mara tatu. Nainuka, nachungulia uani, narudi. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nikipika nataka kufagia, nikifagia nataka kwenda kisimani, nikifika kisimani sikumbuki nilifuata nini.

Nina jambo la kukuambia, na nimelizunguka vya kutosha.

Ulipokuwa umelala ile wiki ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Zena, Watasema usimwache." Nikakujibu, "Sitamwacha, baba."

Nilimwacha.

Tulikuwa tumekuzika, matanga yamekwisha, ng'ombe baba mdogo ameshawaswaga kwake. Nilibaki mimi na mbwa wako Watasema nikiangalia nyumba, mume wangu Saidi akiwa kwao na mama yake. Tulisikia kwamba watu wote watahamia vijijini, ila hatukujua siku. Lori likaja asubuhi. Mgambo wakasema tupakie vyombo upesi, na mimi nikamfunga Watasema kwenye nguzo ya zizi ili asikanyagwe. Nilipotaka kumpandisha mmoja akasema, "Mbwa hapandi. Watu na vyombo tu." Ningeweza kushuka hata nikamfungue ile kamba, baba. Sikushuka. Lori likaondoka, naye akawa anabweka na sisi tunakwenda, mpaka sauti ikaishia kwenye mawe.

Nilijiambia nitarudi kesho yake. Kijijini nikawakuta Saidi na mama yake, nao wameletwa; kesho yake tukapimiwa viwanja, kesho yake tena tukakata miti ya kujengea tembe. Siku ya nne nilimwaga maji niliyokuwa nimeyabeba, nikageuka, nikaanza kutembea bila kumuaga mtu. Nilifika mahameni petu jua likiwa utosini. Nguzoni kilikuwa kipande cha kamba kilichokatwa kwa meno. Yeye alikuwa amelala juu ya kaburi lako. Alikuwa huru siku zote hizo, angeweza kwenda kokote, akaenda kulala hapo. Aliponiona hakubweka. Alitikisa mkia mara moja tu, halafu akatazama pembeni. Nililia, baba, kuliko siku ya mazishi.

Basi nikaja naye. Na matata yakaanzia hapo.

Unajua nilivyoolewa. Mama yake Saidi ni mtu wa swala tano, na kwake mbwa ni mnyama wa nje, mwenye kigae chake, asiyesogelea chungu cha mtu. Hakunikatalia. Alisema tu, "Mate yake yasiguse chombo changu, mwanangu." Lakini uani kwake kuna mbuzi watatu, punda, paka mzee asiyemwogopa mtu, na kuku. Watasema alikua na ng'ombe. Kuku hawajui, maana tangu mama atutoke hatukufuga kuku tena. Mbuzi hawajui. Kwake kila kilicho kidogo na kinachokimbia ni sungura. Na hapa nyumba zimepangwa mstari, ua wa jirani umegusana na wako, kuku wa watu kumi wanapita mbele ya pua yake.

Nikajaribu kukumbuka ulivyofanya ulipomleta kwa ng'ombe akiwa mdogo. "Pua kwanza," ulikuwa ukisema, "macho baadaye." Nikachukua gunia walilolalia mbuzi nikamtandikia yeye. Gunia lake nikalitupa bandani kwa mbuzi. Siku tatu hawakuonana, walinusana tu. Kisha nikamlisha ashibe, nikamfunga kamba fupi, nikakaa naye mbali huku mbuzi wanakula majani. Akikaza macho, namgeuza kichwa. Akitulia, nampa kipande cha ugali wa uwele. Kila siku tulisogea hatua chache. Mbuzi jike yule mweusi alimjia mwenyewe, akampiga kichwa cha ubavu, na tangu siku ile wakaheshimiana. Punda alimrushia teke moja likampata begani, hawajadaiana tena. Paka alimkwaruza pua. Nikadhani tumemaliza. Kuku niliwaacha wa mwisho, na nilikosa subira. Mimi siku hizi sina subira na chochote.

Nilimfungua siku moja kabla ya wakati wake. Nilitaka tu kuona mtu wangu mmoja akitembea uani bila kamba. Kuku mwenye vifaranga akakatiza, akatimua mbio akipiga kelele, na Watasema alikuwa juu yake kabla sijafungua mdomo. Vifaranga tisa vikabaki vinalia kwenye vumbi.

Saidi alikasirika. "Huyu aende kwa mgambo wenye bunduki," alisema, "kabla hajahamia kwa kuku wa watu." Balozi wa nyumba kumi akasikia, akaja. Ni mtu mpole, lakini hapa kila neno lina macho mengi. Akasema, "Dada, tumeambiwa tuishi pamoja. Mnyama asiyeweza kuishi na wa jirani hatuna pa kumweka. Jumamosi nitapita. Nikimwona vile vile, nitamchukua."

Jumamosi ilikuwa siku tano mbele. Niliingia ndani nikatoka, nikaingia nikatoka. Nilifikiri kumrudisha mahameni nikamwache huko. Nilishamwacha mara moja.

Kesho yake mama mkwe alitoka ndani amebeba tenga, ndani yake vile vifaranga. Akaja hadi nilipokaa na mbwa, akasimama mbali na mate yake kama kawaida yake. Akasema, "Mfunge. Mwambie alale chini." Nikamfunga. Akaliweka tenga chini, hatua tano kutoka puani pake, akavuta kigoda akakaa. "Amewaulia mama yao," alisema. "Atawalea yeye."

Tulikaa hivyo kila alasiri, mimi nimeshika kamba, yeye ameshika tasbihi. Kisomoni sikwenda wiki ile. Siku ya kwanza Watasema alitoka udenda na kulia kama mtoto. Kila alipoinuka nilimlaza. Siku ya pili mama mkwe alilisogeza tenga. Siku ya tatu alilifunua. Mimi nilikuwa nasema, "Mama, bado, bado," yeye ananijibu, "Wewe ndiye unayemtia wasiwasi. Legeza kamba." Nilitazama mkono wangu, nikaona kweli nimeishika hadi vidole vimekufa ganzi. Nikalegeza. Na Watasema akashusha kichwa chini, akapumua pumzi ndefu iliyopeperusha vumbi.

Tukiwa tumekaa aliniuliza habari zako. Hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia ulivyokuwa ukiongea na ng'ombe wakati wa kukamua, ukiwaita kwa majina ya mashangazi. Alicheka akaficha mdomo kwa kanga. Halafu nikamwambia habari ya lori. Saidi mwenyewe sijamwambia. Alisogeza punje mbili tatu za tasbihi. Akasema, "Mimi nimeacha makaburi ya mume wangu na ya watoto wangu wawili kule. Sikupata hata kuchukua udongo." Basi.

Jumamosi balozi alifika. Watasema alikuwa amelala bila kamba. Kifaranga kimoja kilikuwa kimempanda mgongoni kinadonoa manyoya, vingine vimejipenyeza chini ya shingo penye joto. Alikuwa anatetemeka, baba, mwili mzima, kuanzia masikioni hadi mkiani, macho ameyafumba. Lakini hakuinuka.

Balozi aliinama akamtazama. Akasema, "Mama, huyu hajatulia. Tazama anavyotetemeka."

Mama mkwe hakuinuka kwenye kigoda. "Na mimi siku niliyoletwa hapa nilitetemeka," alisema. "Mbona hamkunipiga risasi?"

Balozi alivua kofia akaivaa tena. Akatuaga kwa adabu, akaondoka. Hajarudi kwa habari ya mbwa.

Sikudanganyi kwamba mambo yote yamekuwa sawa. Kuna siku Watasema hukaa mwisho wa kijiji akielekea kwetu, na mimi hujikuta nimesimama karibu naye na ndoo tupu. Saidi humtuma mtu aniite. Lakini mbwa hurudi siku hizi kabla sijamwita, kwa sababu vile vifaranga, ambavyo sasa vimeota mabawa, haviingii bandani mpaka vimwone. Mimi ndiye ninayerudi nyuma yake.

Nisamehe ile kamba. Sitaki kujitetea, nilikuwa na miguu ya kushuka na sikushuka.

Tukishavuna mtama nitakuja kupalilia kaburi lako. Mama mkwe anataka tufuatane, aje akuamkie, kisha tupite kwake pia, tukayatafute makaburi ya mumewe na ya wale watoto. Anaogopa hatayatambua, kwa kuwa yalikuwa na alama za miti na miti ilikatwa. Nimemwahidi tutatembea mpaka tuyaone, hata ikituchukua siku mbili, na nikiahidi safari hii nakuahidi wewe pia.

Pumzika, baba.

Ni mimi mwanao,
Zena