Tumetoa Gari Letu la Kukimbilia

Jumanne, Katindo. Mawingu yameufunika mlima wetu wa volkano tangu asubuhi. Wako watu wa Goma wanaofurahi wasipouona. Mimi hapana. Adui yangu napenda nimwone usoni.

Tangu Jumamosi siwezi kutulia. Nimefagia uwanja mara mbili kwa siku, nimeosha sahani zilizokuwa safi, nimekwenda kutazama mahali gari lilipokuwa likilala kana kwamba litarudi lenyewe. Pana doa la mafuta juu ya mawe meusi, basi. Mama ananiangalia kutoka kwenye kiti chake.

Nieleze vizuri, maana wanaosoma hapa si wote wa mji huu. Goma gari haliegeshwi ovyo. Linalala pua ikitazama mlango wa uwanja, na mafuta hayashuki chini ya nusu ya tangi. Hakuna aliyetufundisha, ni mlima. Letu ni Toyota ya kijivu yenye usukani wa kulia, marehemu baba aliliingiza nchini kupitia mpaka wa Bunagana. Mlima ulipotapika mara ya mwisho, baba akiwa bado hai, tulimlaza mama kwenye kiti cha nyuma na baba akatuendesha hadi mji wa Sake katikati ya watu, mbuzi na magodoro. Mama hatembei. Aliteleza juu ya mawe ya lava miaka mingi iliyopita, nyonga ikavunjika, ikaungwa vibaya. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti anahitaji fimbo na mkono wangu.

Baba alipofariki, karatasi za gari nazo zikaanza kufa moja moja. Bima ikaisha. Usajili ukaisha. Nilikwenda ofisini nikaambiwa nirudi. Niliporudi, ofisi ilikuwa imefungwa. Ilipofunguliwa ilikuwa na wakubwa wengine, na wakubwa wengine wana masharti mengine. Nikaacha. Gari likawa haliwezi kufika hata sokoni bila kukamatwa na polisi wa barabarani, wale tunaowaita roulage.

Sikujali. Siku mlima unaposhuka hakuna polisi anayeuliza karatasi, maana naye anakimbia. Kila Jumapili baada ya misa nililiwasha, nikaliacha lingurume kidogo, nikalizima. Lilikuwa gari la siku moja tu, siku ambayo naomba isifike.

Ndugu zangu wako Kampala na Bukavu. Sina mume, sina mtoto. Nina mama, na nilikuwa na gari. Mipango yangu yote ya maisha ilikuwa hiyo.

Sasa gari halipo.

Ilianza hivi. Shirika letu la kanisa husali kwenye nyumba za watu kwa zamu, na mwezi uliopita zamu ilitufikia. Siku hiyo alikuja mgeni, Masera Odile, mtawa anayetunza watoto walemavu kule Himbi. Alikuwa anapita kwenye mashirika kuomba nguo na unga. Alitusimulia, bila machozi wala kujikweza, jinsi walivyowaokoa watoto mlima ulipotapika. Hawakuwa na gari. Waliwasukuma kwa toroli za kubebea mchanga, wanawafikisha mbali kidogo, wanarudi kuchukua waliobaki. Alisema kibaya zaidi kilikuwa nyuso za wale walioachwa wangoje.

Alikuwa amesimama karibu na gari letu akisema hayo. Sidhani alifanya makusudi. Lakini nilimwona mama: hakuwa anamtazama masera, alikuwa anatazama gari.

Watu walipoondoka, akasema, "Ile motokari tuipatie bamasera."

Nilicheka. Nilidhani ni utani, maana mama ni mtu wa utani.

"Na wewe je? Mulima ukitapika?"

"Miye siendi tena fasi yoyote. Nilikimbia vita Rutshuru, nikakimbia Masisi, nikakimbia hii muji mpaka Sake. Nilichoka. Mutu anachoka na kukimbia sawa vile anachoka na maharagi ya kila siku."

"Na miye nitafanya nini?"

"Wewe utakimbia. Uko na miguu."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia hiyo si sadaka, ni kujiua kwa heshima. Nilimwambia hawezi kumwaga maisha yake kama maji machafu halafu aniachie mimi ndoo. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, kisha akasema nipunguze sauti, majirani wanasikia. Na kwamba motokari ni ya bwana wake, si yangu.

Huyo ndiye mama yangu. Ukibishana naye unabishana na ukuta uliojengwa kwa mawe ya hapa.

Nikaenda Himbi kumpa Masera habari, na nikiri: nilikwenda nikitumaini atakataa. Nikaanzia kwenye karatasi. Nikamwambia usajili umekwisha, bima imekwisha, jina ni la marehemu, usukani uko upande usiotakiwa nchini humu, mlango mmoja wa nyuma unafunguka kwa ndani tu. Nililichongea gari lile kama shangazi asiyetaka ndoa. Masera alingoja nimalize.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi. Ile siku, nani ataniuliza karatasi?"

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, nayajua. Akaniahidi watafuatilia usajili mpya polepole kwa jina la nyumba yao, na mpaka upatikane, gari litakaa tu uwanjani, tayari.

Likabaki swali la kulifikisha Himbi bila karatasi. Papa Bahati, kiongozi wa shirika letu, ndiye aliyekata shauri: halitaendeshwa, litasukumwa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi walikuja, wanaume na wamama, wengine wamevaa nguo za kanisani, wakashika gari nyuma na pembeni. Mimi nilishika usukani nikitembea kando, dirisha wazi. Mama alikataa kabisa kubaki nyumbani. Alikaa mbele, amejifunga kilemba kipya, mkoba mapajani, kama anayekwenda harusini. Walisukuma wakiimba. Mimi sikuimba.

Kwenye barabara kubwa, roulage mmoja akatusimamisha.

"Karatasi!"

"Chef, motokari haitembei," Papa Bahati akamjibu akijipangusa jasho. "Ni siye tuko tunatembea."

"Na huyu mama ndani?"

Mama akatoa kichwa. "Miye niko nasindikiza tu, mutoto yangu. Kuya usukume kidogo, iko baraka."

Watu wakaangua kicheko. Polisi akaangalia huku na huku, kisha kweli akaweka mkono nyuma ya gari akasukuma nasi mpaka kwenye kona. Sijui kama alikuwa anatusaidia au anatuondoa kwenye barabara yake.

Kule Himbi watoto walitoka wote, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine wakitambaa kwa mikono, wakaligusa gari kila mahali. Mmoja alitaka kujua linakwenda mbio kiasi gani. Masera aliligeuza mwenyewe, pua ikatazama mlango. Nilipoona hivyo nilitamani kulia, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mama alikuwa anacheka na watoto. Mimi nikazunguka nikiwaaga watu na kuwashukuru, kisha tukarudi nyumbani kwa teksi.

Tangu hapo silali vizuri, na nikiwa macho siko mahali nilipo.

Kazi yangu haisaidii. Niko kwenye redio ndogo ya hapa mjini, na kila asubuhi ni mimi ninayesoma tangazo la volkano kutoka kwa wanaoichunguza. Jana nilisoma kama kawaida: rangi ya tahadhari ni njano, wakaaji wawe watulivu. Nimelisoma tangazo hilo muda mrefu kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya nyanya. Jana sauti ilikwama kwenye neno "watulivu". Fundi wa mitambo aliniangalia kupitia kioo akaniuliza kwa ishara kama nina homa. Nikamjibu kwa ishara kwamba ndiyo.

Ningemwambia nini? Kwamba mimi ninayewaambia watu watulie nilikuwa natulia kwa sababu ya gari lenye mafuta uwanjani kwetu?

Leo baada ya tangazo sikurudi nyumbani. Nilikwenda Himbi bila kumwambia mama. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu: siombi gari, gari ni lenu, naomba nafasi moja tu. Kiti kimoja cha mama. Mwanamke mmoja, hachukui mahali. Mlima ukitapika mtapita Katindo, mtamchukua, mtaendelea. Nilijua vizuri kwamba Katindo haiko njiani kwao. Nilijua pia kwamba mtu aliyetoa kitu haruhusiwi kurudi kukidai kipande kipande. Niliomba hivyo hivyo.

Masera akanikalisha kwenye benchi, akakaa karibu nami.

"Mama yako alijua utakuya."

Nikamuuliza alijuaje.

"Jumamosi, wakati ulikuwa unaaga batu, aliniita ku dirisha. Akasema: mutoto yangu atakuya kukuomba fasi yangu. Usimukubalie. Fasi yangu ni mutoto mumoja anabaki." Akanishika mkono. "Nilimuahidi, mama. Unisamehe."

Nyuma yake, kwenye baraza, watoto walikuwa wanakunywa uji. Nilisikia vijiko vyao. Sikugeuka. Nilijua nikiwatazama nitaanza kuchagua, na mtu akishaanza kuchagua hapo, hatakuwa mtu tena.

Nikatoka Himbi kwa miguu. Nilikuwa na hasira ambayo haikujua pa kwenda. Hasira na Masera, kwa kutimiza ahadi. Hasira na baba, kwa kufa. Hasira na mama zaidi ya wote, kwa sababu ananijua kama kiganja chake, anajua nitakwenda wapi na nitasema nini, na alikuwa amefika pale kabla yangu, yeye asiyeweza kutembea. Na chini ya hasira yote, niandike tu, palikuwa na woga. Naogopa siku ile nitasimama uwanjani nikimtazama kwenye kiti chake, na ataniambia nenda. Naogopa kwamba nitakwenda.

Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Nilimkuta anachambua maharagi. Akaniuliza mbona nimechelewa. Sikumjibu. Nikaingia ndani nikachukua kitenge, nikarudi, nikachuchumaa mbele ya kiti chake na kumpa mgongo.

"Panda."

"Nini?"

"Mama, panda. Ku mugongo."

"Umelewa?"

"Panda tu."

Sijui kilichomfanya akubali. Labda ni sauti yangu, labda alichoka kunitazama nikizunguka uwanjani. Aliweka sinia ya maharagi chini, akanishika mabega, akaegemea. Nikampitishia kitenge, nikakifunga kifuani kama wanavyofungwa watoto, nikajishikilia kwenye nguzo ya baraza, nikasimama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Hakukuwa na uzito wa kutisha. Hicho ndicho kilichoniliza. Mama yangu amebaki mifupa na maneno, na mimi ninayelala naye nyumba moja sikuwa nimeona.

Tukatoka nje barabarani. Mawe ya hapa hayana huruma hata kwa mtu anayetembea mikono mitupu, sembuse mimi. Nilipima kila mahali kabla ya kukanyaga. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo akaacha kazi yake.

"Mama anagonjwa? Unamupeleka ku hospitali?"

"Hapana!" mama akamjibu kutoka mgongoni mwangu, kwa kiburi kabisa. "Tuko tunatembea."

Nilifika kwenye ukuta wa jirani wa tatu, sikuweza tena. Nikamshusha polepole juu ya jiwe kubwa lililoko pembeni ya barabara, nikakaa chini karibu na miguu yake, natweta. Nikaiwaza njia yote ya Sake, kupanda na kushuka, na watu wanaosukumana, na nikaona jinsi jambo lenyewe lilivyo upuuzi. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kazi ya kukaa mbele ya kipaza sauti, ambebe mama yake mpaka Sake? Hata watoto wadogo waliokuwa wanatuangalia walijua haiwezekani.

Mama akachukua ncha ya kitenge akanipangusa jasho shingoni. Nikangoja aseme. Nilijua atakachosema: umeona sasa, mutoto yangu, acha, siku ikifika wewe enda.

Hakusema hivyo. Alikuwa anaangalia mbele, barabara inakoendelea, kule kwenye robine, bomba la maji la mtaa, ambako wamama walikuwa wamepanga madumu yao ya njano. Aliangalia kwa muda, macho ameyakaza, kama mtu anayepima kitambaa kwa jicho.

"Kesho," akasema, "tufike ku robine."