Baba, Kuhusu Papai la Kila Jumapili

Baba,

Jana nilipima sukari yangu mara mbili, kabla ya kula papai bichi la kuchoma na saa mbili baada ya kulila, na tangu hapo sijui nimtazame kwa jicho gani dada yako. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuliweka jambo zito mezani kwanza, maelezo yafuate.

Unakumbuka lilivyoanza. Daktari alipokukataza vyakula vya wanga, mimi ndiye niliyejipa usimamizi wa marufuku. Mguu wa mbuzi wa Jumapili sikuugusa. Sikuwa na ugomvi na nyama. Ugomvi wangu ulikuwa na zile ndizi zilizouzunguka, zilizochomwa juu ya makaa pamoja na maganda yake, kama marehemu Mama alivyoizoesha nyumba nzima. Niliandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: ndizi isivuke mlango wa jiko hili. Mahali pake nikaweka papai bichi. Nililimenya, nikalikata vipande virefu, nikavichemsha kwa maji ya chumvi na ndimu ili utomvu utoke, nikavipaka mafuta na kitunguu saumu, kisha nikavioka katika oveni. Ulikitafuna kipande cha kwanza kwa muda mrefu mno. Ukaniuliza, "Profeseri, sabuni hii inatoa povu?" Shangazi Mwajuma alicheka hadi akaushika mlango.

Jumapili ya nne Shangazi aliniomba kazi hiyo. "Niachie mi hilo papai. We rudi kwa vitabu vyako." Nikamwachia, nawe ukaanza kula, tena ukaomba kuongezwa.

Hapo ndipo shaka yangu ilipozaliwa, na sitadai kwamba ilikuwa ndogo. Mtu hakipendi leo alichokiita sabuni juzi bila jambo kubadilika katikati. Vipande vilivyoletwa mezani vilikuwa na ukahawia pembeni na vilinukia ndizi. Vya kwenye sahani yangu vilikuwa papai, niliviona, nilivionja. Lakini sahani yako Shangazi aliipakua mwenyewe jikoni, nami nikahitimisha kwamba papai lilikuwa la mlinzi na ndizi za mgonjwa. Mara mbili nilikuta maganda meusi ya ndizi katika majivu ya mbabura, lile jiko letu la makaa. Kipimo chako cha Jumapili jioni kilizidi vya siku nyingine zote, wiki baada ya wiki. Niliyaandika yote katika daftari, maganda upande mmoja, vipimo upande wa pili. Siku moja nilikuuliza waziwazi: Shangazi anakupa ndizi? Ulikuwa unafunga vifungo vya kanzu. Ukajibu, "Muulize mwenyewe," ukatoka kwenda kuswali alasiri.

Sikumuuliza. Niliendelea kuandika.

Kisha ukafa, mvua zikiwa bado hazijakatika. Daktari alisema moyo, na kwamba sukari ilikuwa imeudhoofisha kwa miaka mingi. Mimi nilisikia ndizi.

Siku ya arobaini yako, hitima ilipomalizika na ndugu wote wakiwa bado wamekaa juu ya mikeka, nililifungua daftari. Nilisoma kwa sauti ileile ninayosomea wanafunzi matokeo ya maabara. Nikamtaja kwa jina. Shangazi alinitazama, akavuta mtandio wake hadi kwenye paji la uso, na hakusema neno. Hata neno moja, Baba. Ukimya ule niliuandika pia, kama kukiri. Asubuhi yake alibeba godoro lake na kuhamia kwa mwanawe, mtaa wa Gasenyi, na tangu siku hiyo wapo ndugu wanaovuka barabara ili wasimsalimie.

Nyumba imebadilika. Cherehani yako nimeifunika. Mbabura ipo nje, nyuma ya tangi, na Jumapili nakula mkate wa jana mbele ya vitabu. Na mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba sukari yangu nami imefika mlangoni, haijaingia. Nikarudi kwenye papai. Nililipika kwa utaratibu wangu uleule, hatua kwa hatua, nikaonja. Ulisema kweli. Ni sabuni.

Hapo ndipo hoja yangu ilipopata ufa. Papai nililokuwa nikipakuliwa na Shangazi lilikuwa tamu, nami siwezi kulitengeneza. Mtu anayetaka kumhadaa mlinzi anahitaji kumpa papai tu. Hana haja ya kuhangaika hadi liwe tamu kiasi kile. Basi lilikuwa tamu kwa ajili ya nani?

Jana nilikwenda Gasenyi bila kutoa taarifa, nikiwa na papai nililolichagua mwenyewe na mashine ya kupimia ndani ya mkoba. Shangazi alikuwa anapepeta mchele uani. "Umekuja kusalimia ao kukagua?" Nikamwambia yote mawili, na kwamba nataka apike mbele yangu. Aliweka ungo chini. "Haya, profeseri. Kaa pale uangalie mikono yangu muzuri, isikuibie kitu."

Nilikaa. Nilitazama. Alichemsha vipande kama mimi, kwa chumvi na ndimu. Kisha akachukua ndizi tatu zilizokaribia kuiva, akazipasua ganda kwa mstari mmoja tu, akaitoa ndizi yenyewe na kuiweka kando. Ndani ya ganda tupu akalaza papai. Akalifunga kwa kamba ya mgomba, akalitia juu ya makaa hadi likawa jeusi pande zote. Alipolifungua, mvuke uliopanda ulikuwa wa Jumapili zetu.

"Harufu iko kwa ganda," alisema. "Ulimi wa kakangu nilikuwa naujua. Nilidanganya pua yake, tumbo sikulidanganya."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Uliandika kwa ukuta ndizi isiingie. Ningekwambia naleta ganda, ungesikia ganda? Apana. Ungesikia ndizi, ungeita na daktari." Nikamuuliza ndizi zenyewe zilikwenda wapi. "Nilikula mi! We ulitaka nitupe chakula cha Mungu?"

Nilikula, nikasubiri saa mbili kwenye mkeka wake, nikapima. Kipimo kilisogea kidogo mno. Nilimweleza kwamba kipimo kimoja cha mtu mmoja si uthibitisho. Akacheka hadi akajipangusa macho. "Basi kesho rudi na mashine ingine, na askari mbili."

Lilibaki swali moja, nami nililiuliza: kwa nini basi sukari yako ilipanda kila Jumapili jioni? Shangazi alichokoa makaa. Nikauliza mara ya pili. Akachokoa tena makaa yaliyokuwa yamekwisha kuzimika. Mara ya tatu akanijibu bila kuinua uso. "Maiti hasemwi, mutoto wangu. Kula, inapoa."

Hakusema kwamba hajui, Baba. Alisema maiti hasemwi. Na katika habari yote hii maiti ni mmoja.

Nilirudi nikapitia mtaa wa Asiatique, kwenye duka la rafiki yako Mzee Hamadi, ulikokuwa ukienda baada ya alasiri "kunyoosha miguu". Sikuuliza chochote. Aliniona tu akanionyesha kiti kando ya majora ya vitambaa. "Kile cha babako, sikipatii mutu. Kila dimanshi, kila Jumapili, chai ya maziwa, sukari vijiko vine, na maandazi yake. Alikuwa anasema, kwangu nakula kama mugonjwa, hapa nakula kama mutu." Akatabasamu kwa uchungu. "Dada yake alikuja hapa mara mbili kumuvuta mukono. Alimufukuza."

Kwa hiyo ulikuwa wewe. Ulikula papai la dada yako kwa hamu, ukaomba kuongezwa, kisha ukaenda kujilipa kwa maandazi. Nilipokuuliza, ulifunga vifungo na kuniambia nimuulize mwenyewe, ukijua kwamba hatakusema. Nimekasirika, Baba. Hilo lazima nilieleze kwa usahihi: nimekasirika, na bado jana nikiwa dukani nilitamani kukiona kiti kile kikiwa na wewe ndani yake, na andazi mkononi, na sukari kwenye ndevu.

Sina uhakika kwamba maandazi ndiyo yaliyokuua. Ugonjwa ulikuwa wa miaka mingi, Jumapili ni siku moja katika saba, na daftari langu halina uwezo wa kusema zaidi. Nina uhakika wa jambo jingine. Dada yako alizuliwa kifo cha kaka yake mbele ya ukoo, kinywa chake kikiwa na jibu, na akakifunga, kwa kuwa ilikuwa hitima yako na hakutaka jina lako liokotwe mkekani. Mimi nilimfukuza kwa ajili ya adabu ileile niliyopaswa kujifunza kwake.

Nimewaita ndugu walewale, Ijumaa baada ya swala, mikeka ileile. Nitakwenda Gasenyi mwenyewe kumleta, na godoro nitalibeba mimi akikubali. Nitasimama niseme kwamba nilikosea, kwamba Shangazi Mwajuma hakukupa ndizi hata moja, na kwamba kosa lilikuwa la aliyesoma daftari. Wataniuliza, maana unawajua: kama si yeye, sukari ilipandishwa na nani? Watangoja. Nami sitawajibu. Wakiuhesabu ukimya wangu kuwa hatia, waache wauhesabu. Ukimya huo umekwisha kubebwa na mtu mzima kuliko mimi, bila kulalamika.

Pumzika, Baba. Mola akupokee kwa upole mwingi kuliko ule niliokupa mimi mezani. Nimekwisha kukuambia wewe, na inatosha.

Sitakusema.

Binti yako,
Rukia