Kasilimu, Lakini Timu Hakubadili

Ijumaa, 3 Mei
Mawese yamechemka vizuri leo. Mgongo unauma. Baba Mwajuma karudi msikitini, akavaa jezi juu ya kanzu, akaenda zake kwenye tawi la timu yake, Kasingirima. Kila Ijumaa hivyo. Zamani nilikuwa nagomba. Siku hizi namwekea ugali, nafunika.

Jumatatu, 6 Mei
Posa ya binti yetu Mwajuma imerudishwa. Nina hasira.

Kijana ni Ilyasa, fundi wa injini za boti kule Bangwe. Mpole. Wazee wake walitoka Kongo, Wakristo. Yeye alisilimu kabla hata hajamjua Mwajuma. Tulidhani kwenye dini ndipo pangekuwa pagumu. Wapi! Mume wangu alilipokea hilo kwa furaha, kisha akauliza, na timu? Kijana akawataja watani wetu.

"Ahame huko kwanza, ndiyo aje."

Ilyasa akajibu kwa adabu: "Mzee, dini nilibadili kwa sababu niliamini. Timu siwezi. Nitakuwa nakudanganya."

Wajumbe aliokuja nao wakaaga. Chai hawakumaliza.

Jumatano, 8 Mei
Mwajuma hali chakula. Hasemi na baba yake. Nimemuuliza mume wangu ni aya gani inayomkataza yule kijana. Akasema mambo haya siyaelewi. Kweli siyaelewi. Nimefunga naye Ramadhani zote tangu nikiwa mwali, na sijawahi kumwona akilia kwenye dua kama anavyolia kwenye penalti. Dini yake ni ipi hasa?

Nimechoka.

Jumamosi, 11 Mei
Mechi na watani. Tumefungwa. Naandika "tumefungwa"! Nami nimeshaambukizwa. Mume wangu kalala bila kula.

Jumapili, 12 Mei
Alfajiri hakuamka kuswali. Haijawahi kutokea. Niliogopa. Nikamgusa kipaji cha uso, hana homa.

Baada ya adhuhuri, Ilyasa huyo mlangoni. Nikajua leo ni vita.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Umekuja kunicheka."

"Hapana, mzee. Msimu uliopita mlipotufunga nilijifungia ndani. Hata mama yangu sikumfungulia."

Baba Mwajuma akainuka kitandani, akaja kukaa mkekani. Akauliza, yule refa alimwonaje? Basi. Mpaka alasiri wanazungumza, mikono juu, kama ndugu waliopotezana. Jina la Mwajuma halikutajwa. Ikabidi niingie mimi: "Na binti je?"

Mume wangu akanitazama kama nimekatiza hotuba.

"Aa, hilo. Waje tu wazee wake."

Nilifurahi. Nilitaka pia kumrushia mwiko.

Ijumaa, 24 Mei
Mahari imepokelewa. Wanaume wametoka, nyumba kimya. Nimekaa barazani na Mwajuma, tunachambua mchele wa harusi. Upepo wa ziwani kidogo.

Akaniuliza polepole kama Ilyasa naye atakuwa hivi hivi kama baba.

Nikamwambia ndiyo.

Kisha akavuta ungo karibu, akaendelea kuchambua.