Gauni Alilolikata Mama

Bi Philippa mpendwa,

Naomba unisikilize katika safu yako ya ushauri gazetini, maana kwetu kule Suffolk, mashambani Uingereza, mambo kama haya hayasemwi mezani, na wewe angalau hunijui sura. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake katika nyumba ileile tuliyokulia, na tangu nipate akili kila mwaka baridi ikianza kupungua hujishonea gauni moja la pamba la kuvaa kiangazi, mtindo uleule, kola ndogo, vifungo mbele, mikono ya kufika kiwikoni, linashuka chini ya magoti, na mfuko mmoja upande wa kulia wa kutia leso na mkasi wa kukatia maua. Kitambaa ndicho hubadilika, mwaka huu mistari, mwaka ule vidoti, lakini hakuna kinachong'aa wala kinachobana, kwa sababu yeye husema nguo nzuri ni ile ambayo watu wakifika nyumbani wameisahau, wanakukumbuka wewe. Mtu akimsifu hujibu, "Aa, la zamani tu hili," hata kama kalimaliza jana, na mimi jibu hilo nimelirithi ingawa kushona sikurithi, maana natumia mkono wa kushoto na yeye alisema mkasi wake na mimi hatutapatana.

Basi tangu majira ya baridi moyo wake umedhoofika. Daktari alituambia sote, yeye mwenyewe, mimi na kaka yangu Alastair, kwamba tusitegemee sana kiangazi cha mwakani, na mama akamshukuru daktari akamuuliza kama angependa chai. Hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo. Mwezi wa nne akanunua kitambaa cheupe chenye mistari myembamba ya buluu, akaniomba nisimame dirishani nikishike mabegani aone mwanga unavyokipiga, nami nikasimama huku naangalia saa kwa sababu nilikuwa nawahi treni ya kurudi London, na yeye akanitazama muda mrefu kidogo kisha akasema, "Asante mwanangu, nimeona."

Wiki iliyopita nilikwenda nikakuta vipande vimekatwa vimelazwa juu ya cherehani, havijashonwa, mikono yake inatetemeka hata uzi hawezi kutunga. Nikavishika nikavipima kwa macho, Bi Philippa. Amekata vibaya. Gauni ni refu mno, na mama ni mfupi, mimi ndiye niliyechukua kimo cha baba, na mabega ni mapana sana kwake hasa sasa alivyokonda, na mfuko ameuchorea chaki upande wa kushoto, yeye ambaye hata gizani angeuweka mahali pake. Nikamuuliza kama halitaburuzika chini, akasema, "Liko sawa tu. Usijisumbue nalo." Nikamwambia nitalipeleka kwa fundi alirekebishe, akasema hakuna haja. Nikaona basi nimnunulie jingine, nikamletea la dukani lenye maua mekundu, akalifungua, akasema, "Limechangamka sana," nawe unajua kwetu hiyo maana yake ni nini, likatundikwa nyuma ya mlango na karatasi yake ya bei.

Nikampigia Alastair nikamweleza habari ya vile vipande. Akasema, "Dada, akili imeanza kumtoka. Leo ni kitambaa, kesho ni jiko la gesi." Tumepanga Jumatatu twende tukaangalie nyumba moja ya kutunzia wazee ambayo ina nafasi, nzuri tu, ina bustani, na mama hajui lolote. Jumamosi itakayofuata ni maonyesho ya maua ya kijiji, ambako kila mwaka yeye ndiye humkabidhi mshindi kikombe, na mwaka huu amesema hatakwenda, atawasumbua watu bure. Nampenda mama yangu na sijawahi kumwambia, hatuambiani vitu hivyo. Sasa nifungue vipi kinywa nimwambie kwamba hana akili zake na lazima ahame nyumba yake, bila kumvunja kabisa? Nisaidie, silali.

Wako,
Asiyejua kushona

*

Asiyejua kushona,

Pole. Ipokee kwa mikono miwili, maana sina nyingine katika jibu hili. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira.

Nenda kwa mama yako, chukua kile kipande cha mbele ulichosema kimekatwa vibaya, kiweke begani kwako mbele ya kioo. Fanya hivyo kabla hujampigia tena kaka yako. Mwanamke aliyekata mtindo mmoja maisha yake yote hawezi kukosea kimo, mabega na mfuko kwa pamoja, na makosa yote yakamtosha mtu mmoja. Nani mrefu katika familia yenu? Nani hutoa leso kwa mkono wa kushoto? Umeniandikia yote hayo kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukaniuliza utamwambiaje kwamba hana akili.

Pale dirishani hakuwa anaangalia mwanga. Alikuwa anakupima, na alikupima kwa macho kwa sababu angetoa utepe wa kupimia ungemuuliza wa nini, naye angelazimika kukujibu. Maneno ya daktari aliyasikia vizuri kuliko ninyi wawili. Akajua hana kiangazi kingine cha kujishonea, akakata gauni la kwako. Wewe ulikuwa unaangalia saa.

Mnanichosha, nyie watu wa kwetu, na mimi najihesabu humo. Tunaomba kwa kukataa. Tunapenda kwa kusema hakuna haja. Mama aliposema gauni lako limechangamka ulielewa papo hapo kwamba hatalivaa, hukuhitaji mkalimani. Aliposema usijisumbue, ukamwamini kweli. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ungemuuliza tu, "Mama, hili la nani?" leo usingekuwa unatafuta nyumba ya wazee kwa ushahidi wa vipande vya pamba.

Sasa sikiliza. Jumatatu ivunjeni. Mwambie Alastair akili ya mama iko mahali pake, na kilichopungua ni macho yenu. Moyo wake ni mgonjwa kweli, hilo silifichi, kwa hiyo mtafutieni mtu wa kuja asubuhi kumsaidia kupanda ngazi na kuoga, na kama siku moja itabidi ahame, jambo hilo lizungumzwe yeye akiwa ameketi hapo, si nyuma ya mgongo wake. Hajafa bado, na ile nyumba ni yake.

Jumatatu hiyohiyo uende kwake, na biashara ya treni iache London, ulale. Usimuulize kama angependa umsaidie, atakataa kabla hujamaliza. Keti kwenye cherehani, tunga uzi, mwambie, "Mama, nionyeshe kola inaingiaje." Basi. Usimkalishe kwenye kochi umshike mikono na kumwambia umegundua, atakimbilia jikoni kuchemsha maji na hamtarudi tena hapo mlipokuwa. Mwache akuelekeze kwa kidole. Mkono wako wa kushoto utamsumbua, ataguna, na wewe utaharibu. Akisema si mbaya, fumua uanze upya, unajua maana yake. Mtaongea mengi mkiwa mmeinamia kitu kimoja, hasa yale ambayo mkitazamana usoni hayatoki. Na kama hamtaongea, utakuwa umekaa naye, na huo muda utakuja kuutafuta usiupate.

Lile la maua mekundu lirudishe dukani.

Jumamosi vaa la mistari hata kama pindo limepigwa bandi tu, zile nyuzi za kushikizia kwa muda. Usimuulize kama anakwenda kwenye maonyesho, mwambie unahitaji mtu wa kukuangalia mgongo kama kola imelala sawa, na kwamba gari liko nje. Atakuja. Watu wa kijiji wanalijua lile gauni, wamelitazama miaka yote likipita kati ya meza za maua, na lazima mmoja wao atakuambia umependeza. Hapo ulimi wako utataka kukimbilia jibu lenu la nyumbani, kwamba ni la zamani tu. Uzuie. Mama yako atakuwa ameketi karibu, anajifanya anatazama maua. Jibu kwa sauti atakayoisikia: "Mama kanishonea."

Philippa