Eti Niseme Nilikuwa Nakunywa

Jumatano, 4 Juni 2025
Wazee wa kanisa wameamua. Jumapili nisimame mbele nitubu. Nitubu nini sasa?
Mzee Lugembe, mmoja wao, alitaka nimuoe binti yake. Msichana mzuri, sina neno naye. Wakanibana wee, mwisho nikamweleza mchungaji ukweli, tukiwa wawili tu: mimi sivutwi na wanawake, navutwa na wanaume. Sijamgusa mtu maisha yangu yote. Nikadhani la mchungaji linabaki kwa mchungaji. Kumbe! Kawapelekea wazee. Kinanda cha kanisani nimenyang'anywa. Meza ya Bwana nimefungiwa, mkate na kikombe sigusi. Na hapa Bungu Wakristo tuko wachache, pa kukimbilia hapana.

Alhamisi, 5 Juni
Mzee Lugembe kanifuata shuleni. Kwa upole kabisa — hilo ndilo lililoniumiza. Jambo langu, anasema, halitamkiki kanisani, watoto wapo. Kwa hiyo niseme nilikuwa nakunywa. Ulevi unasameheka, mwalimu. Utasimama, tutakuombea, tutakupa mkono, yameisha.
Mimi! Ambaye hata togwa ikichacha naiacha.
Ningekuwa mlevi kweli ningekuwa na nafuu. Nimelia ofisini mpaka kengele ikagongwa, nikaingia darasani na macho mekundu. Haya, sasa watasema ndiyo hiyo pombe.

Ijumaa, 6 Juni
Nimefunga, nimeomba nibadilishwe. Miaka yote naomba hilo hilo. Nimejichoka.

Jumamosi, 7 Juni. Idi
Bi Tabu, mama mwenye nyumba, kaniletea pilau. Uvumi umemfikia. Kasimama mlangoni, mkono kiunoni. Eti mwalimu unalewa? Unanywea wapi wewe, na tunapakana ukuta, hata kikohozi chako nakisikia? Mlevi namjua, nimezaa naye!
Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kucheka. Akasema kula, umekonda kama ufito, akaenda zake.
Asiye wa dini yangu ndiye pekee aliyekataa nisingiziwe. Je, akilijua la kweli, sahani hiyo ataileta? Sijui. Nimekula nusu.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste
Naandika ofisini kwa mchungaji, daftari lilikuwemo kwenye mkoba.
Nilisimama. Mchungaji akauliza kama ni kweli nilianguka katika ulevi. Watu walishaanza kutabasamu, mikono wameiandaa. Neno moja tu, ndiyo, yaishe! Nikawaona watoto wa sande skuli benchi la mbele. Mimi ndiye ninayewafundisha kwamba kila mtu kaumbwa kwa mfano wa Mungu. Wao huitikia amina. Mimi sijawahi kuiitikia kwa ajili yangu.
Nikasema hapana, sinywi.
Mchungaji akauliza, basi umetenda nini, mwalimu? Nikasema sijatenda kitu. Nimeumbwa hivi, na aliyeniumba ananijua. Sauti ilinitoka ndogo mno, lakini wa mbele wamesikia. Mama mmoja kajifunika uso kwa kanga. Mchungaji akanionyesha mlango wa ofisi.
Sijisikii shujaa. Kufika jioni Bungu yote itajua, na Bi Tabu pia. Mungu wangu, nimefanya nini?
Wako kwenye Meza ya Bwana sasa. Mlango uko wazi, foleni naiona. Leo hakuna aliyenikumbusha kwamba nimefungiwa, hakuna aliyeniita. Sinia la vikombe vya divai kashika Mzee Lugembe. Wa mwisho keshanyanyuka. Mchungaji anampa Mzee ishara afunike. Hafuniki. Kasimama tu na sinia lake, anaangalia huku —