Kitambaa cha Nailoni

Nyumba ya nyuma ya karakana ya rangi,
Jumatano, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na wale paka, bado wanalalia boksi lako la vifaa? Sisi tunapumua, ila midomo imetupasuka kwa ukavu. Mvua imetusahau kabisa.

Mdogo wangu Kitufe sasa ana miaka tisa. Juzi alirudi na swali la shule: kwa nini kitana kikisuguliwa kichwani kinanyanyua vipande vya karatasi? Tukajaribu. Karatasi zikaruka kama viroboto. Tukasugua puto kwenye sweta, tukalisogeza karibu na maji ya bomba yaliyotoka membamba kama uzi. Maji yakapinda.

"Yanalifuata!" akapiga kelele.

Nikamweleza kwamba vitu viwili vikisuguana, kimoja hukiachia kingine chembe ndogo za umeme. Hewa ikiwa kavu, zinabaki pale zimekwama, zinatafuta pa kwenda. Zikipata njia, zinaruka: cheche. Radi ni hivyo hivyo, ila huko zinazosuguana ni chembe za barafu ndani ya mawingu.

Wewe fundi umeme haya unayajua. Mimi niliyasoma darasani kwa lugha ya pili, nikapata alama nzuri, wala hayakunitisha. Nilipoyasema kwa Kiswahili, Kitufe akauliza, "Na thina ya baba ikipita kwenye kitambaa cha kuchujia, si inajisugua?"

 Tangu hapo sina usingizi, maana mvuke wa thina hushika moto kwa cheche moja tu.

Shangazi, naungama. Zamani baba alichuja thina ya rangi kwa chujio la waya, ikaingia ndoo ya chuma iliyofungwa waya wa kupeleka umeme ardhini, ule uliomfungia wewe. Mimi ndiye niliyempa kipande cha pazia la nailoni, nikasema kinachuja vizuri zaidi. Nikamletea na ndoo ya plastiki kwa kuwa ni nyepesi. Akanisifu mbele ya mafundi. Unajua kusifu kwake kulivyo nadra.

Jana kitambaa kililia, ta, ta, ta. Vinyweleo vya mkono wake vikasimama. Akacheka, "Leo thina inanisalimia!"

"Itikia basi, mzee," mpiga rangi akamwambia, "usije ukaambiwa huna adabu."

Wote wakacheka. Mimi nilisimama mlangoni, harufu ya thina imenijaa puani, kisha nikageuka nikarudi ndani.

Nilikuwa nataka nikuombe umpigie baba simu kabla ya Jumamosi, pipa jipya la thina litakapoletwa. Wewe dada yake mkubwa hakupingi.

Shangazi, niliacha kuandika kidogo. Pipa wamelileta leo. Nasikia likibingirishwa uani, na baba anaulizia kitambaa.

Siwezi kukungoja. Naenda kumwambia, mbele ya mafundi wale wale, kwamba nilikosea. Barua hii nampa Kitufe aipeleke posta. Nitamwambia apite njia ndefu na asirudi mpaka nimfuate.

Msalimie bibi, na wale pacha wako, na mumeo. Mungu akuzidishie afya, na sisi atutupie jicho mchana huu.

Wako akupendaye,
yule mliyempa jina la Kimya.